Somo la Usiku, Paredi ya Asubuhi: Afisa wa Zimamoto na Kozi ya Uongozi Mtandaoni

Siku unapovaa nyota begani, hakuna anayekuuliza tena kama unajua kushika mpira wa maji. Unaulizwa mengine. Nani anakwenda likizo mwezi huu na nani anabaki? Gari la pili lina wiki ngapi bila matengenezo? Konstebo yule amechelewa mara tatu, umeshamwandikia? Na kengele ikilia, macho ya watu sita waliopanda nawe yanakuuliza swali moja bila sauti: afande, tunaingia au hatuingii?

Moto haufundishi mambo hayo. Kozi ya awali inakupa ukakamavu, kamba, ngazi, pampu na mtungi wa hewa. Kuwasimamia watu wanaokutegemea huku umechoka, fedha hakuna, na wananchi wanapiga kelele kwamba mmechelewa, ni fani nyingine kabisa. Tanzania ina chuo chake cha zimamoto na uokoaji pale Chogo, wilayani Handeni, lakini darasa la chuoni haliwezi kumfikia kila afisa kwa wakati anaolihitaji. Kenya nako, Katiba ya 2010 iliikabidhi kazi ya zimamoto kwa kaunti, na afisa wa kaunti ndogo anaweza kukaa muda mrefu bila kuona darasa la uongozi. Ndiyo maana wengi sasa wanasoma mtandaoni, usiku, simu mkononi. Ninaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Nina sharti moja tu: somo la uongozi halijaisha mpaka limeshuka kwenye zamu yako, na lishuke ndani ya wiki hiyohiyo uliyolisoma.

Wamarekani waliliona hilo zamani. Chuo chao cha taifa, National Fire Academy, kilichopo Emmitsburg katika jimbo la Maryland, kilianzisha mwaka 1985 programu ya maafisa wakuu. Kwa miaka mingi, afisa aliyemaliza kozi moja ya programu hiyo alipewa miezi 6 arudi kwenye idara yake, achague tatizo halisi la huko, alifanyie utafiti na kuliandikia ripoti. Bila ripoti, kozi inayofuata aliisikia kwa wenzake. Wewe huna haja ya miezi 6. Wiki inatosha, maana somo lako ni fupi na tatizo lako linakungoja kwenye paredi ya kesho.

Kabla hujajiandikisha popote, nunua kaunta buku. Kwa wiki mbili, kila mnapokabidhiana zamu, andika jambo moja lililokukwamisha ambalo halikuhusu maji wala moto. Amri uliyoirudia mara tatu kwenye redio ndipo ikaeleweka. Askari wawili wasiosemeshana waliopangwa gari moja. Ripoti ya tukio iliyoandikwa siku ya nne, watu wakiwa wameshasahau nani aliingia mlango upi. Ukiyasoma baada ya wiki mbili utaona yanaelekea upande mmoja. Kama mengi yanahusu kusemezana, tafuta kozi ya mawasiliano na kutatua migogoro. Kama yanahusu vifaa na fedha, tafuta usimamizi wa rasilimali. Anayeanza na orodha ya kozi badala ya tatizo lake huishia kusoma iliyopambwa vizuri zaidi.

Kuhusu mahali pa kusoma, nianze na ya bure. OpenLearn, ya chuo kikuu cha Open University cha Uingereza, ina kozi nyingi za uongozi na usimamizi, unasoma kwa mwendo wako, na maandishi yake unaweza kuyapakua. Kaya na DisasterReady ni majukwaa yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa misaada na maafa. Humo utakuta namna ya kuongoza timu iliyoelemewa, kugawa kazi, na kumtunza mfanyakazi aliyeona mabaya. Hayakuandikwa kwa ajili ya zimamoto, na hilo lisikutishe. Askari wawili wasiosemeshana hawana tofauti kubwa na watunza ghala wawili wasiosemeshana.

Anayetaka njia ndefu aitazame Institution of Fire Engineers, chama cha wanataaluma kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1918. Mitihani yake hufanywa na watu wa nchi nyingi, na uongozi na usimamizi ni miongoni mwa masomo yake. Hata kama huna ada ya mtihani, tafuta karatasi za miaka iliyopita uzijibu kwa maandishi. Zinakuonyesha afisa anategemewa ajue nini, na zinakufundisha kupanga hoja, jambo litakalokusaidia siku ya kuomba gari jipya kwa barua.

Kwa uongozi wa eneo la tukio lenyewe, tafuta kozi zinazofundisha mfumo wa amri wa Wamarekani. Ulizaliwa baada ya mioto mikubwa ya California ya mwaka 1970, vikosi vingi vilipokutana bila lugha moja na bila mkubwa mmoja. Kiini chake unaweza kukichukua leo: kila mtu awe na mkuu mmoja tu, na mkuu mmoja asisimamie moja kwa moja zaidi ya watu 7. Watano ndio kadiri nzuri. Rudi kwenye tukio lako la mwisho uhesabu: ni wangapi walikuja kukuuliza wewe moja kwa moja? Kama ni 11, umeshajua uanzie wapi.

Soma masharti kabla ya kujaza fomu, kwa sababu baadhi ya kozi za serikali za nje ni za watu wa nchi hizo tu. Na kabla ya kulipa hata shilingi, uliza ofisi ya utumishi kama cheti hicho kitaingia kwenye faili lako. Kwa Tanzania, shahada ya nje hutambuliwa na TCU, na vyuo vya kati viko chini ya NACTVET. Tovuti inayokuahidi diploma ya uongozi kwa saa sita na malipo ya simu inakuuzia karatasi.

Bando lisikushinde. Pakua maandishi badala ya video inapowezekana, na video chache za lazima zipakue mara moja mahali penye mtandao mzuri, uziangalie baadaye. Kama kozi ina vipindi vya moja kwa moja na mwalimu yuko London, saa 8 mchana ya kwake ni saa 10 au saa 11 jioni ya Dar es Salaam, kutegemea majira yao. Wengi hukosa kipindi cha kwanza kwa sababu hiyo tu. Usijipangie saa nzima kila siku, kazi yetu haina saa nzima. Dakika 40 mara tatu kwa wiki ni ratiba ambayo kengele haiwezi kuivunja kabisa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza kichwa kuliko yote. Kozi hizi zimeandikwa na watu wa nchi tofauti, na kila nchi ina majina yake ya eneo la tukio. Mmarekani akisimama mbele ya jengo huuita upande wa mbele A, halafu anazunguka kwa mwendo wa mshale wa saa: kushoto B, nyuma C, kulia D. Mwingereza hutumia namba, mbele ni 1, anazunguka vilevile mpaka 4. Hilo unaweza kulizoea. La kuogopa ni ghorofa. Kwa Mmarekani, sakafu ya chini unapoingilia ndiyo ya kwanza. Kwa Mwingereza, na kwetu sisi, ghorofa ya kwanza ni ile unayoifikia baada ya kupanda ngazi. Chukua afisa aliyekesha wiki nzima na video za Chicago. Anafika kwenye jengo, anaona moshi ngazi moja juu ya maduka, anasema kwenye redio, "Moto ghorofa ya pili." Yeye amewaza Kimarekani, askari wamesikia Kiswahili. Wanapanda ngazi mbili, wanajikuta ghorofa moja juu ya moto, mahali ambapo joto na moshi vyote vinaelekea.

Kwa hiyo tenga kurasa za nyuma za kaunta buku ziwe kamusi ya zamu. Kila neno jipya unalokutana nalo kwenye kozi, kaa na askari wako mliwekee Kiswahili kimoja, kifupi, kisichofanana na kingine. "Tokeni wote" isikaribiane na "rudini nyuma," kwa sababu ya kwanza ina maana mnaacha kila kitu, hata mpira, na ya pili ina maana mnasogea mkiwa bado mnafanya kazi. Mkubaliane pia kwamba anayepokea amri anairudia kabla ya kuitekeleza. Waingereza wana orodha ya kukumbuka taarifa ya kwanza ya tukio kubwa, na herufi zake zinaunda neno METHANE. Herufi hizo kwa Kiswahili hazituletei kitu, lakini yaliyomo tunayahitaji: je, hili ni tukio kubwa; liko wapi hasa; ni la aina gani; hatari gani zipo; njia ipi inapitika; majeruhi wangapi; nani ameshafika na nani anahitajika. Yaandike kwenye kadi, uipige plastiki, ikae kwenye gari mbele ya kiti chako. Kazi ya nusu saa, na umeshusha somo zima.

Video za matukio zina matumizi yake, ila wengi huziangalia kama wanavyoangalia mpira. Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwachunguza makamanda wa zimamoto miaka ya 1980 akitaka kujua wanavyolinganisha njia mbili tatu kabla ya kuamua. Akagundua kwamba mara nyingi hawalinganishi. Kamanda mzoefu anaona rangi ya moshi, namna unavyosukumwa nje, umri wa jengo, na tukio la zamani linamjia pamoja na la kufanya. Tatizo la afisa mpya ni kwamba ghala lake la matukio bado ni tupu, na kulijaza kwa kuungua si njia ya kumshauri mtu. Video inaweza kulijaza, kwa masharti. Isimamishe sekunde ya 20. Chukua kalamu uandike maneno yaleyale ambayo ungeyasema kwenye redio: unaona nini, unaanza na nini, unaogopa nini. Kisha yatamke kwa sauti. Endelea na video uone umekosea wapi. Fanya hivyo na moja kila usiku wa kusoma, na kesho yake wafanyishe zamu yako hiyohiyo, kila mtu na karatasi yake. Utashangaa konstebo aliyefanya kazi ya ujenzi kabla ya kuajiriwa anavyoliona paa kuliko wewe.

Zoezi la mezani ni ndugu wa hilo, na halihitaji meza. Chora kwa chaki kwenye sakafu ya kituo. Viberiti ni magari, vizibo vya soda ni watu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, takribani watu 100 wakapoteza maisha. Nalitaja kwa heshima ya waliokufa, na kwa sababu barabara zetu bado zina malori hayo usiku na mchana. Zungusha vizibo 60 kwenye kiberiti kilicholala ubavu. Mwambie sajenti: umefika, moto haujawaka, una askari watano, polisi hawajafika. Unawaondoaje watu wenye madumu, ambao wengine wao ni majirani zako? Shika saa. Kila dakika mpe habari moja: bodaboda imewashwa hapa; mama anakataa kuliacha dumu lake; upepo umegeuka. Asiruhusiwe kusema "nitawatawanya wananchi." Aseme nani anasimama wapi, anatamka maneno gani, na spika ya gari inaelekezwa upande upi. Siku nyingine chukua jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024, ambako kazi iliendelea kwa siku kadhaa, uwaulize yale ambayo hakuna anayependa kuyafikiria: nani anampumzisha nani, chakula kinatoka wapi, na nani anakaa na ndugu wanaosubiri ng'ambo ya kamba.

Ukipata wenzako wawili watatu wanaosoma kozi ileile, someni kisa kimoja kwa pamoja kila mwezi. Mimi ningeanza na Mann Gulch, bonde lililoko jimbo la Montana. Tarehe 5 Agosti 1949, vijana wa kuzima moto wa msituni waliruka kwa miavuli, wakaungana na mlinzi mmoja wa moto aliyekuwa chini. Walikuwa wakiteremka kuelekea mtoni moto ulipovuka bonde mbele yao na kuanza kupanda mlima kuwafuata kwenye majani makavu. Msimamizi wao, Wagner Dodge, akawaamuru watupe zana nzito. Kisha akafanya jambo ambalo hawakuwahi kuliona: akawasha moto mwingine mbele yake, majani yakaungua, akaingia kulala kwenye majivu na kuwaita wamfuate. Hakuna aliyemfuata. Walidhani amepotewa na akili. Kati ya watu 16, walikufa 13. Dodge alinusurika palepale kwenye majivu yake, na vijana wawili walipona kwa kufika juu ya mwamba.

Karl Weick, msomi wa mambo ya taasisi, alikiandikia kisa hicho mwaka 1993, na tangu hapo kimekuwa kikifundishwa kwa viongozi wa kila aina. Dodge alikuwa sahihi. Lakini hakuwa amezoeana na vijana wale, na amri yake ilihitaji imani ambayo haijengwi kwa sekunde 30. Waulize wenzako: katika zamu yako, ungewasha kiberiti mbele ya moto, ni wangapi wangekuja kulala karibu nawe? Na wiki hii umefanya nini ili idadi hiyo iongezeke?

Hapo ndipo tathmini baada ya tukio inapoingia, na karibu kila kozi ya uongozi utakayoisoma itaifundisha. Ilianzia kwenye jeshi la Marekani miaka ya 1970, na maswali yake ni manne: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini vilitofautiana, na safari ijayo tufanye nini. Kuyakariri ni rahisi. Ugumu ni kwamba kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Ukiuliza, "Kuna aliyeona kasoro?" utajibiwa, "Hapana, afande," wote kwa pamoja, na kila mmoja anaondoka na lake moyoni. Heshima hiyo ni tunu na sitaki mtu aivunje. Inahitaji kufunguliwa mlango.

Niliwahi kukaa nyuma ya chumba wakati Mkaguzi Msaidizi mmoja, aliyemaliza somo hilo siku tatu kabla, analijaribu kwa mara ya kwanza. Walikuwa wametoka kuzima jiko la mgahawa. Moto ulizimika, lakini katikati ya kazi maji yalikata kwa muda na watu wawili ndani walibaki na mpira mtupu. Walikaa kwenye mabenchi, buti zikiwa bado zinachuruzika. Alianza na kosa lake mwenyewe: "Mimi nilikosea. Nilipofika sikuzunguka nyuma ya jengo. Mtungi wa gesi uliokuwa nyuma niliambiwa na mpishi, sikuuona mwenyewe." Kisha akanyamaza. Ukimya ukawa mrefu, nikamwona anajizuia asiujaze kwa maneno. Hakumgeukia sajenti wake. Akamtazama mdogo kuliko wote, kijana aliyekuwa kwenye pampu.

"Wewe ulikuwa unaona saa ya maji. Ulikuwa unaona nini?"

"Maji yalikuwa robo, afande."

"Wakati gani?"

"Kabla hamjaingia chumba cha pili."

"Ulimwambia nani?"

Kijana akaangalia chini. "Niliona unaongea na mwenye mgahawa, afande. Nikaona nisikukatize."

Sajenti alitaka kusema kitu, afisa akainua mkono. Akaandika kwenye daftari, polepole, akisoma kwa sauti anachokiandika: maji yakifika nusu, mwendesha pampu anatamka "nusu" kwenye redio, yakifika robo anatamka "robo", hasubiri mtu amalize kuongea, hata kama anayeongea ni kamanda wa mkoa. Akamwuliza kijana kama maneno hayo mawili yanatosha. Kijana akafikiri. "Tuongeze honi, afande. Walio ndani hawasikii redio vizuri wakivaa barakoa." Wakaongeza honi.

Asubuhi ya paredi iliyofuata, kijana yuleyule ndiye aliyesimama mbele kuongoza zoezi la pampu, na afisa wake akaingia ndani ya jengo la mazoezi akiwa amevaa barakoa na mtungi wa hewa mgongoni, kusikiliza kama honi inafika.